Diski Iliyogoma, Iliyotengwa na Iliyoharibika: Uhakiki wa Mwongozo Mmoja

Katika kazi ya kupima istilahi za tafsiri tunazoletewa, mara nyingi kosa tunalolikuta ni la kumkera msomaji tu. Neno limekopwa pasipo sababu, au limeundwa kwa namna isiyotamkika, na msomaji akilipita hapatwi na dhara lolote. Mwongozo tunaouhakiki hapa ni wa aina nyingine. Maneno yake manne au matano yalifuatwa kama yalivyoandikwa, na kwa kufuatwa huko ofisi moja ya Mwanza, iliyo hatua chache kutoka ufuko wa ziwa, ilikaribia kupoteza kumbukumbu zake za miaka sita za samaki wanaopimwa mialoni. Ndiyo sababu tumeonelea vyema uhakiki huu usiishie katika jalada letu, bali uwafikie wafasiri, walimu na watumishi wenzetu.

Mwongozo wenyewe ni kijitabu chembamba kilichofasiriwa kutoka Kiingereza. Unaeleza namna ya kuchunguza hitilafu za diski katika mashine zinazoendeshwa kwa mfumo wa Linux, hasa zile ambazo diski zake kadhaa zimeunganishwa kwa programu zikatumika kama diski moja. Mfasiri hakutia jina lake, nasi hatuna haja ya kulitafuta. Sentensi zake ni za Kiswahili fasaha, wala hakuwa mvivu. Kasoro yake ni kwamba alifasiri maneno pasipo kuiona mashine inayosemwa, na kasoro hiyo, tukiri, si yake peke yake.

Yafaa kwanza tueleze kitu chenyewe. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa hoja kwamba badala ya kununua diski moja kubwa ya bei ghali, ni afadhali kuunganisha diski nyingi ndogo za bei nafuu, na kuzitilia hesabu ya ziada ili moja ikipotea zilizosalia ziweze kuufidia upotevu huo. Mpango huo waliuita kwa kifupisho cha RAID. Herufi ya tatu katika kifupisho hicho hapo mwanzo ilisimama badala ya neno lenye maana ya bei nafuu. Baadaye wenye viwanda, ambao hawakupenda bidhaa zao ziitwe rahisi, wakaigeuza iwe na maana ya diski zinazojitegemea. Katika Linux kazi hiyo yaweza kufanywa na programu peke yake, pasipo kifaa maalumu, na chombo cha kuisimamia ni programu iitwayo mdadm, iliyotungwa na Neil Brown. Kifupisho hicho ni jina, na majina hayafasiriwi. Mfasiri wetu alilijua hilo katika kurasa nyingi, ila katika ukurasa mmoja usingizi ulimpitia akaandika "uvamizi wa diski". Hilo tunamsamehe. Hakuna aliyepoteza kitu kwa ajili yake, na lilituchekesha asubuhi nzima.

Hesabu ya ziada tuliyoitaja yaweza kuelezwa kwa mfano wa mwaloni. Tuseme mitumbwi mitatu imerudi alfajiri na dagaa: wa kwanza ndoo 7, wa pili ndoo 5, wa tatu ndoo 4. Kila nahodha ana daftari lake, na karani ana daftari la nne lenye jumla, yaani 16. Daftari la mtumbwi wa pili likitumbukia majini, karani hapotezi kitu: atatoa 7 na 4 katika 16, naye atapata 5. Lakini yakitumbukia madaftari mawili, hapo hakuna hesabu itakayomsaidia. Mpango wa RAID wa daraja la 5 hufanya kazi kwa kanuni hiyo, ingawa hesabu yake si ya kujumlisha kwa kumi bali ya tarakimu mbili za kompyuta, na tena jumla haiwekwi katika diski moja bali huzungushwa katika diski zote kwa zamu. Diski nne za terabaiti 4 kila moja hutoa nafasi ya terabaiti 12, kwa kuwa nafasi ya diski moja huliwa na jumla. Moja ikitoka, kazi inaendelea. Mbili zikitoka, safu nzima inasimama.

Sasa tuingie katika kisa. Ofisi tuliyoitaja ilikuwa na mashine ya namna hiyo hasa, yenye diski nne za daraja la 5. Siku moja mashine ikaleta taarifa ya hitilafu. Mtumishi mwenye dhamana, mtu makini na mwenye kufuata maandishi, akafungua mwongozo. Mwongozo ukamwambia aitazame orodha ya diski katika skrini na kuitafuta ile iliyoandikwa alama ya (K) pembeni mwake, kwa maana hiyo ndiyo "diski iliyokufa", kisha aiondoe mara moja na kuitupa.

Katika skrini hakukuwa na (K) yoyote, wala isingeweza kuwako. Programu ile huandika kwa Kiingereza popote ilipo, na alama inayotumia ni (F), herufi ya kwanza ya neno "faulty". Mfasiri, kwa bidii isiyo na mipaka, alikuwa ameifasiri hata herufi. Mtumishi alipoikosa (K) akatazama mstari wa chini, akaona alama hizi: [UU_U]. Akaelewa, na alielewa sawasawa, kwamba kila U ni diski nzima na kistari ni ile iliyokosekana. Kistari kilikuwa mahali pa tatu. Akaenda kwenye mashine, akahesabu kutoka kushoto, akachomoa diski ya tatu.

Diski ile ilikuwa nzima kabisa. Nafasi za alama katika skrini hazilingani lazima na mpangilio wa diski ndani ya sanduku. Diski huchomekwa kwa waya zinazopishana, na hata majina yao, sda, sdb na kadhalika, yaweza kubadilika mashine ikizimwa na kuwashwa. Namna ya kuitambua diski pasipo shaka ni kuisoma namba yake ya kiwandani katika skrini, kisha kuilinganisha na ile iliyobandikwa juu ya diski yenyewe. Mwongozo wa Kiingereza, tuliousoma sambamba na tafsiri, unalisema hilo katika tanbihi. Tafsiri imeiacha tanbihi. Hapo safu ikawa imebakiwa na diski mbili kati ya nne, ikasimama.

(Jambo dogo la kando. Programu hiyo huzihesabu diski kuanzia sifuri, hivyo diski yenye namba 2 ni ya tatu. Wafasiri wengi hulalamika kwamba wasomaji wetu hawalielewi jambo hili. Hatukubaliani nao. Mtu anayetazama saa yake ikionyesha 8 naye akasema ni saa mbili, bila kukosea hata siku moja, hawezi kushindwa na hesabu ya kuanzia sifuri, mradi aambiwe tu kwamba ndivyo ihesabiwavyo.)

Aliyeiokoa ofisi ni fundi kijana aliyeitwa jioni ile. Alipoona watu wazima wamekaa kimya kama msibani alisema, "Wazee wangu, mashine hii haijafa. Ina pengo, na sasa mmeliongeza likawa mawili." Akairudisha diski iliyochomolewa na kuiamuru programu iikubali kwa nguvu, jambo lililowezekana kwa kuwa diski ile ilikuwa nyuma ya wenzake kwa hatua chache tu. Kisha akaigeukia ile iliyokuwa imesemwa kuwa imekufa. Diski za siku hizi hujiwekea kumbukumbu ya afya yao zenyewe, na kumbukumbu ya hii ilionyesha kuwa uso wake hauna sehemu hata moja iliyoharibika. Hesabu iliyokuwa imepanda ni ya makosa ya njiani kati ya diski na mashine. Kosa lilikuwa la waya wa data uliolegea. Akaubadilisha waya, akairejesha diski katika safu, na baada ya kusubiri usiku kucha kazi ikarudi kama ilivyokuwa. Tusistaajabu kwa muda huo: diski ya terabaiti 4 ikiandikwa kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde huchukua saa 11 hivi.

Tukitazama kisa hiki kwa macho ya kazi yetu, swali ni hili: je, "kufa" ndiyo tafsiri ya neno lile la Kiingereza? Mwongozo unatumia maneno matatu kwa kubadilishanabadilishana, "imekufa", "imeshindwa" na "mbovu", kana kwamba ni visawe. Tuyapime.

"Imeshindwa" ni neno ambalo wafasiri wetu hulikimbilia kila waonapo neno "fail", kwa sababu mwanafunzi aliyeanguka mtihani na mtu aliyeshindwa kufika wote huelezwa kwa Kiingereza kwa neno hilo moja. Lakini Kiswahili kina madai yake. Kitenzi "kushindwa" ama kinamdai mshindi, ama kinadai kitenzi kingine baada yake. Timu imeshindwa na timu fulani; mtu ameshindwa kuja. "Diski imeshindwa" ni sentensi inayoning'inia, na msomaji wa Kiswahili atauliza, imeshindwa nini? "Mbovu" na "imekufa" hazining'inii, lakini zina ubaya mkubwa zaidi, kwa kuwa zimeshatoa hukumu. Kitu kibovu hakiponi, na kilichokufa huzikwa. Mtumishi aliyeambiwa kuwa diski imekufa hana sababu ya kuutazama waya.

Na hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Programu inapoweka alama ya (F) haisemi kwamba diski imeharibika. Haiwezi kulijua hilo. Inachosema ni kwamba kiini cha Linux kiliiagiza diski kitu, jibu halikuja au lilikuja na kosa, nacho kimeamua kutoitumia tena diski hiyo mpaka kielekezwe vingine. Ni uamuzi wa mwenye kuagiza, si hali ya mwenye kuagizwa. Sababu yaweza kuwa uso wa diski. Yaweza pia kuwa waya wa data, waya wa umeme, kifaa kinachogawa umeme ndani ya sanduku, au bandari ambamo diski imechomekwa. Yaweza hata kuwa ukawiaji tu: diski nyingi za bei nafuu zikikuta mahali pagumu kusomeka hujaribu tena na tena, pengine kwa dakika mbili na zaidi, ilhali kiini cha Linux kwa kawaida husubiri sekunde 30 tu. Mmoja bado anatafuta, mwingine ameshachoka kungoja. Je, aliyekawia kujibu hodi tumwite maiti?

Sarufi yetu inazo njia za kuutofautisha uamuzi na hali, na ni ajabu kwamba wafasiri wa mambo ya ufundi huzitumia kwa nadra. Kauli ya kutendeka, kama katika "imeharibika", hueleza hali ya kitu chenyewe na kumfuta mtendaji. Kauli ya kutendwa, kama katika "imetengwa", humwacha mtendaji nyuma ya pazia, naye msomaji humwona kivuli chake na kuuliza: imetengwa na nani, na kwa nini? Swali hilo ndilo hasa tunalotaka mtumishi aulize kabla hajachomoa kitu. Kwa hiyo tunapendekeza maneno matatu kwa hatua tatu. Diski isiyojibu, kabla hatujajua lolote zaidi, "imegoma". Diski iliyotiwa alama ya (F) "imetengwa". Na ile ambayo imepimwa, ikathibitika kuwa uso wake au mitambo yake haifai, hiyo peke yake ndiyo "iliyoharibika".

Katika kikao cha kupima mapendekezo haya palitokea ubishi ambao hatuwezi kuuficha. Mwenzetu mmoja aliona kuwa "kugoma" ni neno la watu wenye nia, na mashine haina nia. Tulimjibu kwa gari linalogoma kuwaka na jiko linalogoma kushika moto, ambavyo kila mtu husema na hakuna anayedhani kuwa jiko lina chama cha wafanyakazi. Uzuri wa neno hili ni kwamba halitaji sababu wala halisemi kuwa mambo yamekwisha. Aliyegoma jana aweza kurudi kazini leo. Mwenzetu mwingine, mzaliwa wa ziwani, alisema kuwa neno "tenga" kwa watu wa mwaloni ni lile kapu kubwa la kubebea samaki, na kwamba watakaosikia habari za diski kutengwa watadhani zimetiwa kapuni. Hoja hiyo ilitufurahisha, lakini nomino na kitenzi vimeishi pamoja miaka mingi pasipo kugombana, na watu wa mwaloni hao hao husema mgonjwa wa kipindupindu ametengwa.

Tukija kwenye safu yenyewe, mwongozo unakosea vibaya zaidi, ingawa kosa halionekani upesi. Safu iliyopotelewa na diski moja lakini bado inafanya kazi huitwa kwa Kiingereza "degraded". Mfasiri ameandika kuwa safu "imeshushwa daraja". Ukilitazama neno peke yake halina lawama. Bahati mbaya aina za RAID nazo amekwisha kuziita madaraja, daraja la 1, la 5, la 6, na ameziita vizuri. Mtumishi aliyesoma kwamba safu yake ya daraja la 5 imeshushwa daraja alielewa kwamba sasa ni ya daraja la 4. Alituambia hivyo mwenyewe, na hatukuweza kumlaumu, maana katika utumishi ndivyo watu wanavyoshushwa.

Neno tunalolipendekeza hatukuliunda sisi. Ni lile la fundi: safu "yenye pengo". Tangu tulipolisikia hatukuona haja ya kutafuta jingine. Neno "safu" tayari hutumika kwa meno, na pengo ni la meno kabla halijawa la kitu kingine chochote. Mwenye pengo anakula, ila hali vizuri, na jino la jirani likitoka naye atakuwa mashakani. Tena neno linafanana na kinachoonekana: [UU_U] ni kinywa chenye pengo, mtoto wa darasa la pili ataliona. Na likikubaliwa, linazaa wenzake kwa urahisi. Kazi ya kuijaza diski mpya kwa kukokotoa kutoka kwa wenzake, ambayo mwongozo unaiita "kujenga upya", itakuwa "kuziba pengo".

Juu ya "kujenga upya" hatuna budi kusema kwa ukali kidogo. Neno hili ni la hatari. Programu ya mdadm inayo amri ya kuunda safu mpya, na amri hiyo ikitolewa juu ya diski zenye safu ya zamani huandika maelezo mapya juu ya yale yaliyokuwapo, na pengine kuanza kuikokotoa upya hesabu ya ziada kwa mpangilio usio sahihi. Mtu aliyeambiwa kuwa dawa ya safu yake ni kuijenga upya atatafuta amri ya kujenga. Ataipata, naye atajenga juu ya kaburi la kumbukumbu zake. Katika kisa chetu mtumishi alikuwa ameshaiandika amri hiyo katika karatasi, tayari kuitumia, kabla fundi hajafika. Aliyeziba pengo hajengi. Anakitazama kilichopo na kujaza kilichokosekana.

Kuhusu diski inayokaa ndani ya mashine ikingoja mwenzake atoke ili iingie mahali pake, mwongozo una "diski ya spea". Watu wa gereji wataelewa kuwa ni kifaa kilichoko dukani au kabatini. "Diski ya akiba" ni bora, kwa sababu anayekwenda uwanja wa Kirumba anamjua mchezaji wa akiba: yupo uwanjani, amevaa jezi, anasubiri kuitwa. Alama yake katika skrini ni (S), na ibaki (S).

Limesalia jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo lililoiweka ofisi ile katika hatari tangu siku ya kwanza, kabla waya haujalegea. Mwongozo unaiita ile hesabu ya ziada "nakala rudufu". Neno hilo limekwisha kuenea nchini kwa maana ya nakala ya kumbukumbu inayowekwa mahali pengine kwa tahadhari. Tulipomwuliza mkuu wa ofisi kama kumbukumbu zake zilikuwa na nakala mahali pengine, alijibu kwa utulivu kwamba zimo ndani ya mashine, tena katika diski nne. Alikuwa ameusoma mwongozo. Lakini safu ya diski si nakala. Karani akifuta faili kwa bahati mbaya, inafutika katika safu nzima kwa wakati uleule. Mwizi akiibeba mashine amezibeba diski zote. Na radi, ambazo Kanda ya Ziwa inazijua vizuri, hazichagui diski moja zikaacha tatu.

Wapo waliojaribu kukwepa mgongano huu kwa kuiita nakala ya tahadhari "chelezo", na neno hilo limeingia katika tafsiri kadhaa za programu. Tunaelewa walikolitoa: chelezo ni boya, kitu kinachoelea na kuonyesha mahali mtego au nanga ilipo. Ila kwa Mwanza neno hilo lina kazi nyingine nzito. Kati ya mikataba ya meli iliyotiwa saini huko mwaka 2018, pamoja na ujenzi wa meli mpya na ukarabati wa MV Victoria na MV Butiama, mmoja ulikuwa wa kujenga chelezo, yaani mahali pa kuundia na kutengenezea meli, katika Bandari ya Mwanza Kusini. Kwa mkazi wa mji huo chelezo ni mahali unapopeleka chombo kilichoharibika. Mwambie aipeleke diski yake kwenye chelezo, naye ataipeleka kwa fundi.

Rai yetu ni kwamba "nakala rudufu" iachiwe maana yake iliyozoeleka, isiguswe, na ile hesabu ya ziada ndani ya safu iitwe "fidia". Daraja la 5 lina fidia ya diski moja, daraja la 6 lina fidia ya diski mbili, na daraja la 0 halina fidia hata kidogo. Kila mfanyakazi anajua kuwa fidia hulipwa baada ya hasara, kwa kiwango kilichowekwa, na haizidi hapo. Hakuna anayeidhania fidia kuwa ni mali yenyewe. Neno "usawa", ambalo mwongozo unalitumia mahali pengine kwa kitu hiki hiki, liondolewe kabisa, maana halimwambii msomaji lolote.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo hili linatokea leo, hali Kiswahili na Linux vilikwisha kukutana zamani. Ni kweli. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na maneno ya menyu, ya faili na ya kuhariri yalipatiwa Kiswahili chake kwa kazi ya kuheshimika. Lakini hayo ni maneno ya siku njema. Yanamhusu mtu anayeandika barua na kuichapa. Maneno ya siku mbaya, ya kitu kinapokataa, hayakushughulikiwa kwa kiasi hicho, wala orodha zetu wenyewe hazina la kujivunia hapo. Tuna istilahi za kufungua, kuhifadhi na kutuma. Za kutenga, kupima na kufidia tunamwachia kila mfasiri ajitafutie usiku wa manane, naye huzitafuta katika kamusi ya Kiingereza badala ya kumwuliza fundi.

Lipo neno moja ambalo hatujaafikiana. Umeme ukikatika ghafla mashine ikiwa katikati ya kuandika, diski zote huwa nzima lakini huenda hazikubaliani, na ukirudi programu hupitia safu yote kuzipatanisha. Hakuna pengo, kwa hiyo si kuziba pengo. Baadhi yetu wanataka "kusawazisha", kwa mfano wa bao la kusawazisha. Wengine wanasema neno hilo litaturudishia "usawa" kwa mlango wa nyuma, nao wanataka "kupatanisha", ambalo wenzao huona ni la mabaraza ya ndoa. Tunawaomba mafundi na walimu wa Mwanza, Musoma na Bukoba, ambako umeme ukikatika kazi hii huonekana mara moja, watuandikie wanalolitumia wao. Ofisi iliyotuletea mwongozo imekwisha kupelekewa kurasa mpya za sura ya tatu na ya nne, zikiwa na (F) mahali pa (K), na tanbihi ya namba ya kiwandani imepandishwa kutoka chini ya ukurasa ikawekwa mstari wa kwanza.